Kona ya Plastiki Chini ya Dashibodi

Mtu asiye na kosa alipiga magoti kando ya kitanda cha hospitali, akaomba radhi kwa kosa nililolifanya mimi.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu nyuma yake, nimeshika mfuko wa machungwa.

Sikufungua mdomo.

Naitwa Justus, fundi wa magari hapa Changamwe. Wazazi wangu walishuka kutoka Machakos kufuata kazi za bandarini, mimi nikazaliwa hukuhuku, na spana nimeanza kushika kabla sijaota ndevu. Ninayoyaandika hapa nimeyabeba kifuani zaidi ya miaka miwili. Atakayenitukana baada ya kusoma, sawa. Nimeshajitukana vya kutosha.

Mambo yalianza na Pijo 504.

Mwenye gari alikuwa Bassam, bwana mmoja mpole wa Kisauni, kule Mjambere, ambaye familia yao imeuza vitambaa tangu enzi za babu yake. Gari lilikuwa la marehemu baba yake, Mzee Mahfudh. Rangi ya maziwa, viti vya ngozi vimepasuka kidogo, lakini bodi haina hata doa la kutu. Injini ndiyo iliyokuwa imekufa kabisa.

"Nataka litembee," Bassam aliniambia. "Mama ana hamu ya kwenda Wundanyi kumwona dadangu Ibtihal. Na hataki gari jingine. Anataka hili hili alilopandishwa na baba."

Tukakubaliana tutoe injini ya zamani, tuweke ya Kijapani.

Sasa, asiyejua kazi hii hudhani ugumu uko kwenye kuiinua injini na kuishusha. Hapana. Injini unaipachika kwa siku mbili tu. Kinachomtoa fundi jasho ni maji.

Injini ya zamani ilikuwa inatolea maji upande huu, hii mpya inatolea upande ule. Rejeta nayo, ile ya kupozea maji, iko palepale ilipokuwa tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo hosi zote, ile mipira inayobeba maji ya moto, inabidi uzitafutie njia upya. Zisiguse ekzosi. Zisisuguane na feni. Zisikunjike, maana hosi ikikunjika maji yanakwama na injini inaungua.

Kwa kazi hiyo, pale gereji tulikuwa na mtu mmoja. Mzee Nyale.

Mzee Nyale alikuwa mwenyeji wa Utange, miaka hamsini na kitu, mwembamba, maneno yake ya kuhesabika. Alikuwa anachukua waya wa kuangikia nguo, anaunyoosha, kisha anaupinda polepole kufuata njia ambayo hosi itapita. Akimaliza anautoa ule waya mzima mzima na kwenda nao dukani kutafuta hosi yenye umbo lile. Nimemwona akirudia waya mmoja mara saba.

"Mzee, si ukate tu hosi uunge na kona?" nilimuuliza siku moja.

"Kila unapounga, unaacha mahali pa kuvujia," akanijibu, akaendelea kupinda waya wake.

Ile 504 ilikuwa na hita. Magari mengi ya Mombasa, hita huwa tunaing'oa, nani anataka joto la ziada huku? Lakini mamake Bassam, Bi Kuluthum, alikuwa amesema anaitaka. Baridi ya Wundanyi humwingia kwenye magoti.

Hita yenyewe imekaa chini ya dashibodi, upande wa abiria, juu kidogo ya miguu yake. Mzee Nyale akapitisha hosi mbili nzima kutoka kwenye injini mpaka kwenye hita, bila kiungo hata kimoja ndani ya gari.

Kazi safi. Kasoro moja tu. Kwa vile hosi nzima haitaki kupindwa ghafla, ilijitokeza kidogo, na kile kifuniko cha chini ya dashibodi hakikuweza kufunga. Kilibaki wazi vidole viwili.

"Kiache hivyo hivyo," Mzee Nyale akaniambia Ijumaa wakati anaondoka. "Wiki ijayo nitatengeneza kifuniko kingine, kipana zaidi."

Nikasema sawa.

Jumamosi asubuhi nilikuwa peke yangu gereji.

Nilikuwa na ukurasa wangu mtandaoni ambao ndio kwanza ulikuwa unashika moto. Wapenzi wa magari ya zamani walikuwa wananifuata kutoka kila pembe. Niliwaahidi picha za hiyo 504, na wengine walikuwa wameshaanza kuniuliza kila saa, fundi mbona kimya.

Nikaosha gari, nikapiga dashibodi polishi. Nikasimama mlangoni na simu yangu.

Kile kifuniko kilikuwa kinaning'inia kama mdomo wa mtu aliyenuna.

Nilikijua kitakachoandikwa chini ya picha. Fundi gani huyu. Kazi nzuri lakini kamalizia vibaya. Nikawasikia kabla hata hawajaandika.

Nikachukua kisu, nikaikata hosi ya Mzee Nyale.

Kona ya chuma ya saizi ile sikuwa nayo. Nikavuka barabara mpaka duka la vifaa vya ujenzi, nikanunua kona ya plastiki, zile zinazotumiwa kwenye mabomba ya maji ya nyumbani, bafuni. Nikaipachika, nikafunga klipu mbili, nikakaza. Hosi ikalala chini vizuri. Kifuniko kikafunga.

Nilijua. Sitaki mtu anisaidie kusema sikujua. Maji ya bafuni si maji ya injini. Nilijiambia ni ya picha tu, Jumatatu nitatafuta ya chuma.

Nikawasha injini dakika kumi, imesimama pale pale, nikachungulia. Kavu. Nikapiga picha zangu, nikaziweka. Zikaanza kupendwa hapo hapo.

Saa saba mchana Bassam akaingia. Hakuwa peke yake.

Bi Kuluthum aliteremka kwenye teksi akiwa na buibui jipya, mkononi kikapu cha mahamri na halua ya kumpelekea bintiye. Mama wa miaka sitini na zaidi, mnene kiasi, ana uso wa kucheka.

"Shikamoo, Bi Kuluthum."

"Marahaba, mwanangu. Nimeona picha. Bassam alinionyesha, hata chakula sikumaliza. N'kamwambia twende leo leo."

"Leo?"

"Kwani halijawa tayari?" Bassam akauliza.

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Nilihitaji maneno mawili tu, bado kidogo. Wangenywa chai, wangerudi nyumbani, wangesafiri Jumanne.

Lakini nilikuwa nimeshaweka picha na nimeshaandika chini yake kwamba kazi imekwisha.

"Liko tayari," nikasema.

Bi Kuluthum akalizunguka gari lote akiligusa kwa vidole. Akafungua mlango wa mbele wa abiria, akakaa, akanyoosha miguu yake chini ya dashibodi. Halafu akaniita, akatoa hamri moja kwenye kikapu akanipa.

"Mungu aibariki mikono yako," akasema.

Wakaondoka.

Hata saa moja haikupita, simu ikalia. Bassam. Sikuelewa alichosema mwanzoni, alikuwa anaongea na mimi na watu wengine kwa wakati mmoja. Nilishika maneno matatu. Mazeras. Mama. Ameungua.

Nilipanda pikipiki. Njia nzima nilikuwa najiambia labda ni kitu kingine, labda ni injini, labda waya.

Nikalikuta gari limeegeshwa kando ya mlima wa Mazeras, milango wazi. Bassam na mamake walikuwa wameshapelekwa hospitali na msamaria mwema. Funguo alikuwa nazo mama mmoja muuza matunda.

"Wewe ndiye fundi?" akaniuliza.

"Ndimi."

"Yule bibi amelia vibaya sana. Maji yametoka huku chini moja kwa moja, yakamwagikia mguu, na gari halijasimama hata. Hakuwa na pa kukimbilia."

Nikapiga magoti pale kwenye mlango wa abiria. Zulia lilikuwa bado linatoa mvuke. Nikafungua kifuniko.

Kona ilikuwa imelainika kama mshumaa, imechomoka kwenye klipu.

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana hiki ndicho kinachoniuma kuliko kona yenyewe.

Niliangalia nyuma. Yule mama alikuwa anapanga maembe yake. Nikaing'oa ile kona, nikaitia mfukoni. Nikang'oa na kile kipande kifupi cha hosi kilichobaki kwenye hita. Nikabakisha hita tupu, ambayo mtu yeyote akiitazama angesema hosi imechomoka kwenye hita, basi.

Njiani kurudi nikavitupa vyote viwili kwenye mtaro.

Jioni Bassam akapiga tena. Sauti yake ilikuwa imepoa, na hiyo ilinitisha zaidi.

"Justus, imekuwaje?"

"Hosi imechomoka kwa hita."

"Nani alifunga?"

Nikasema, "Hosi zote ni kazi ya Mzee Nyale."

Ukiyachukua maneno yale neno kwa neno, hakuna uongo ndani yake. Ndiyo maana nilipata usingizi usiku ule. Sikuupata tena baadaye.

Kesho yake, Jumapili, nikaenda hospitali na machungwa yangu. Nikamkuta Mzee Nyale ameshafika kabla yangu. Habari alikuwa ameipata kwa Bassam.

Bi Kuluthum alikuwa amelala, mguu wa kulia umefungwa bendeji nyeupe kutoka vidoleni mpaka chini ya goti. Mzee Nyale alikuwa amepiga magoti sakafuni, kofia mkononi.

"Mama, ile klipu nilikaza mimi," alikuwa anasema. "Nimefikiria usiku kucha. Labda nilikuwa nimechoka. Labda sikuizungusha ile mara ya mwisho. Sijui. Naomba radhi, mama yangu. Naomba unisamehe."

Bi Kuluthum akageuza uso ukutani.

Bassam akasema, "Mzee, tafadhali toka nje. Tafadhali."

Mzee Nyale akainuka kwa shida. Akaniona. Akanitazama kama mtu anayetaka asaidiwe neno, hata moja, kwamba yeye si mtu wa kazi ovyo, kwamba waya mmoja huurudia mara saba.

"Twende, Mzee," nikamwambia.

Ndilo neno nililompa.

Jumatatu alikuja gereji na mfuko wa spana zake. Akauweka mezani kwangu.

"Chukua. Zitakufaa."

"Na wewe?"

"Mikono yangu imeshaanza kunidanganya, Justus. Nikisubiri, nitaua mtu."

Nikamwambia asifanye hivyo, kosa humtokea kila mtu. Maneno matamu kweli. Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Nilizitumia zile spana miaka miwili.

Picha za 504 nilizifuta. Ukurasa ulikua hata hivyo, kazi zikaja. Mke wangu Phoebe alikuwa ananiuliza mbona siku hizi nikisifiwa nanyamaza. Nikamwambia ni uchovu.

Kila nikipata habari za Bi Kuluthum nilikuwa natamani nisingezipata. Alilazwa wiki tano. Ngozi ya mapaja ilikatwa ikabandikwa mguuni. Kifundo kilikataa kukunjika. Nikasikia kwamba sasa huswali akiwa amekaa kwenye kiti, kwa sababu hawezi tena kuukalia ule mguu kwenye mkeka.

Nilijipa sababu za kunyamaza. Nikisema leo, mguu utapona? Nikisema leo, gereji itabaki? Fundi hula kwa jina lake. Nikamezea.

Mpaka alipokuja Mwalimu Margret.

Huyu alikuwa mteja tu, mwalimu wa shule ya msingi huko Utange. Gari lake lilikuwa linavuja maji. Nikafungua boneti, nikaona ni klipu ya hosi imelegea, kitu cha bisibisi na nusu dakika.

"Hii ungeikaza hata wewe mwenyewe, mwalimu."

"Nilimwomba askari wetu wa lango," akasema. "Nilisikia zamani alikuwa fundi. Nikampa bisibisi, akaishika, mkono ukaanza kutetemeka. Akanirudishia. Akaniambia, mwalimu nisamehe, mikono hii iliwahi kumchoma mama wa watu."

Nikauliza jina la huyo askari. Mdomo wangu uliuliza tu, moyo ulikuwa unajua.

"Mzee Nyale," akasema.

Nilikaza ile klipu. Mwalimu akaondoka. Nikakaa juu ya tairi, na Phoebe aliponipigia simu sikuweza kupokea.

Kesho yake, Ijumaa, nilifunga gereji asubuhi, nikaenda Utange.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki pale langoni mwa shule, amevaa sare ya kijani iliyompwaya. Alifurahi kuniona, na hilo lilizidi kunivunja. Akanipa kiti, yeye akakaa juu ya jiwe.

"Habari za gereji?"

"Mzee, sikuja kwa salamu."

Nikamwambia. Nilianza na kisu nikamaliza na mtaro. Sikupamba, maana nilikuwa nimeyapanga maneno hayo miaka miwili na pambo lake nilikuwa nalijua.

Hakunikatiza. Nilipomaliza alikuwa anaangalia barabara.

"Kona ya chuma au ya plastiki?" akauliza.

"Ya plastiki."

"Ya mabomba ya nyumbani?"

"Ndiyo."

Akaitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena viganja. Nilitarajia anipige. Wallahi ningefurahi, na mimi si mtu wa kuapa hivyo.

"Unajua, Justus," akasema, "kulaumiwa si kitu. Mimi nimelaumiwa mara nyingi maisha yangu. Lakini wewe ulinifanya niiogope mikono yangu mwenyewe. Mjukuu wangu alizaliwa mwaka jana. Niliogopa kumbeba."

Nikaanza kulia. Hakuninyamazisha.

Mwisho akasimama, akaenda kumwita mwenzake amshikie zamu. Akarudi.

"Twende."

"Wapi?"

"Kwa Bi Kuluthum. Kila Ijumaa mimi huenda. Leo tutakwenda wawili."

Kila Ijumaa. Sikujua hata kidogo.

Nikampakia kwenye pikipiki. Njiani alinisimulia kidogo kidogo, akipiga kelele kushinda upepo. Baada ya kufukuzwa hospitali, alikaa miezi miwili halafu akaenda nyumbani kwa kina Bassam, akasimama nje ya lango. Akafukuzwa. Wiki iliyofuata akaenda tena, na shubiri mwitu kutoka shambani kwake, ile ya kupaka kovu. Wakaichukua, yeye hawakumkaribisha. Akaendelea kupeleka. Baada ya miezi mingi akaambiwa aingie.

Tulipobisha hodi Mjambere, sauti ya ndani ikasema, "Karibu, Nyale. Leo umechelewa."

Bi Kuluthum alikuwa sebuleni, mguu juu ya kigoda. Bassam alikuwa ndio kwanza amerudi kutoka msikitini, bado na kanzu. Wakashangaa kuniona, lakini wakanikaribisha vizuri. Kahawa ikaletwa. Nilikuwa sijakaa, nikaomba nisikae.

Nikasema yote tena.

Bassam aliinuka kabla sijafika kwenye mtaro.

"Uliniambia ni Nyale," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi nimemfukuza mzee huyu hospitalini. Nimemfukuza hapa langoni mara ngapi. Nimemwacha asimame juani." Alikuwa haongei nami tena, alikuwa anaongea na Mzee Nyale. Akamwendea, akamshika mkono, akainama. "Nisamehe, mzee wangu."

"Yamekwisha, mwanangu," Mzee Nyale akasema.

Bassam akanigeukia. "Wewe toka nyumbani kwetu."

"Mwache," Bi Kuluthum akasema.

"Mama..."

"Mwache, nataka kumwona."

Akaniangalia. Ule uso wa kucheka ulikuwa bado upo, lakini haukuwa kwa ajili yangu.

"Justus, waomba nini?"

"Msamaha wako, Bi Kuluthum."

Akaurekebisha mguu wake juu ya kigoda kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayebeba kitu cha mtu mwingine.

"Sikiza. Huu mguu niliusamehe," akasema. "Haikuwa rahisi. Kila nikitaka kusujudu nikashindwa, n'likuwa nikimtaja aliyenifanyia hivi, nikimwombea mabaya. Mwaka mzima. Kisha n'kaona huyu Nyale haachi kuja. Siku moja n'kakaa n'kalia kutoka adhuhuri hata magharibi, n'kautafuta msamaha ndani ya moyo wangu n'kaupata. N'kampa yeye. Wote."

Akamtazama Mzee Nyale.

"Kumbe hakuwa na haja nao. Na leo waja wewe mwenyewe, wataka mwengine. Sina, mwanangu. Ule wako n'shautoa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa polisi. Nilikuwa hata nimejiandaa kusamehewa, nisiwadanganye, nilikuwa nimeshaota siku ile jinsi nitakavyoshukuru. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

"Nikae nje?" nikauliza.

"Kaa ndani. Unywe kahawa yako, yapoa."

Nikainywa. Sijui ilikuwa na ladha gani.

Kabla hatujaondoka akasema gari bado liko uani, limefunikwa turubai tangu lilipovutwa kutoka Mazeras. Bassam alitaka kuliuza, yeye akakataa.

"Nyale atalitengeneza," akasema. "Na wewe utamshikia taa."

Mzee Nyale akasema hawezi. Akasema kwa sauti ya chini, mara mbili. Bi Kuluthum akamwambia, "Umesikia alivyosema kijana. Mikono yako haijakosa kitu."

Jumamosi iliyofuata nilimrudishia spana zake zote. Tulifanya kazi pale uani kwao siku tatu. Siku ya kwanza alipinda waya mmoja tangu asubuhi mpaka adhuhuri, anaupinda, anautupa. Mimi nilikuwa nimechuchumaa na taa, nimekatazwa kugusa chochote, na nilishukuru kukatazwa. Siku ya pili waya ukakaa. Siku ya tatu hosi mbili mpya, nzima, zilipita kutoka kwenye injini mpaka kwenye hita, na akatengeneza kifuniko kipana kwa bati, akakipaka rangi. Si kizuri sana. Kinafunga.

Klipu ya mwisho aliikaza, akaitoa, akaikaza tena. Akafuta mikono.

Bi Kuluthum akatoka na mkongojo wake. Bassam akaenda usukani. Mimi nikarudi nyuma nipishe njia, mlango wa mbele wa abiria ukiwa wazi, nikisubiri aingie.

"Hapana," Bi Kuluthum akasema. "Kaa wewe hapo."

Akaingia nyuma na Mzee Nyale.

Nikakaa. Nikanyoosha miguu yangu chini ya dashibodi, kwenye zulia lile lile. Nilikuwa nimevaa ndala.

Tulitoka Mjambere, tukapita Utange, tukaendelea mpaka mbele huko. Bassam aliwasha hita, na jua linawaka. Joto likaanza kunipuliza miguuni. Nilikuwa natazama mshale wa joto la injini, kila ukipanda kidogo vidole vyangu vya miguu vilikuwa vinajikunja vyenyewe. Ilikuwa kazi ya Mzee Nyale, niliishuhudia kwa macho yangu siku tatu, nilijua hakuna kitakachotoka pale. Hata hivyo jasho lilinitiririka mgongoni mpaka shati likalowa.

Bi Kuluthum hakujua chochote siku ile. Alikaa hapa akiwa na kikapu chake, ananiamini.

Tuliporudi, Bassam akazima gari.

"Miguu yako mizima?" Bi Kuluthum akauliza kutoka nyuma.

"Mizima, Bi Kuluthum."

"Alhamdulillahi," akasema. Akafungua mlango wake, akashuka.

Hiyo ilikuwa miezi minne iliyopita. Mzee Nyale ameacha lango, anafanya kazi zake mwenyewe huko Utange, na wateja niliokuwa nao wa hosi na rejeta nawaelekeza kwake. Kwangu hakurudi, na sikumwomba. Bi Kuluthum ameshafika Wundanyi na gari lake. Mimi kila Ijumaa naenda Mjambere, nabisha hodi, naingia, nakunywa kahawa. Hajasema neno la msamaha. Siulizi.

Wewe unayesoma, kama kuna kosa lako ambalo mtu mwingine amelibeba, nenda ukalichukue leo. Usingoje upate maneno mazuri. Mimi niliyangoja miaka miwili, na nilipofika nayo, msamaha wangu ulikuwa umeshapewa mtu ambaye hakuwa na deni lolote.

Nilitembea na kona ile mfukoni dakika ishirini tu kabla ya kuitupa. Ningeweza kugeuza pikipiki, nikampelekea Bassam.

Sikugeuza.